Dai ya .308 iliyobana shingo kupita kiasi, nimeipanua mwenyewe: uzoefu wangu

Hii dai (die, kile kikombe cha chuma kigumu kinachofungwa kwenye presi) ya kurudishia umbo maganda ya risasi za .308 Winchester yaliyokwishapigwa, ili yajazwe tena, nimeitumia kabla na baada ya kuichokonoa, kwahiyo nazungumza nikiwa naijua pande zote mbili. Mwili wa ganda inaubana vizuri, bega (ule mteremko kati ya mwili na shingo) inalisukuma unavyotaka, nyuzi zake ni zile za kawaida za 7/8-14 (upana inchi 7/8, nyuzi 14 kwa inchi) hivyo inaingia kwenye presi karibu zote za mezani. Tatizo ni shingo tu, na shingo ndo inayoshika kichwa cha risasi, sasa hapo huwezi kusema ni kitu kidogo.

Hesabu yake ni hivi. Kichwa cha .308 kina kipenyo cha milimita 7.82, ukuta wa shingo kwenye maganda yangu ni 0.38 hivi kila upande, kwahiyo risasi ikishakamilika shingo inapima 8.58 kwa nje. Ili kichwa kishikwe sawasawa inatosha shingo ibanwe mpaka 8.53 basi. Dai ilivyotoka kiwandani ilikuwa inashusha mpaka 8.38! Alafu ganda likiwa linashuka kile kijipira cha kwenye fimbo ya katikati kinapita ndani ya shingo kwa nguvu kuitanua tena, yaani nusu ya ulichobana unakirudisha pale pale. Shaba ikifinywa na kutanuliwa hivyo kila mara inakuwa ngumu, midomo inaanza kupasuka mapema, na mbaya zaidi kijipira kinaivuta shingo upande, ukilizungusha ganda kwenye saa ya kupimia unaona mshale unacheza, yaani shingo haijanyooka.

Kiwandani hawajakosea hesabu lakini. Wanatengeneza dai moja ya maganda yote, na kuna maganda yenye kuta nyembamba, wakiacha nafasi kubwa yale membamba hayatashika kichwa kabisa, sasa wanabana mno ili asikose mtu. Naelewa, ila mi natumia aina moja ya maganda, sina sababu ya kulipia wasiwasi wa wengine.

Kazi yenyewe: kwanza toa fimbo ya katikati yote. Kifaa cha tupa cha kukwangulia chuma usihangaike nacho, chuma cha dai kimefanywa kigumu, tupa inateleza tu juu yake. Nilichukua kifimbo cha chuma kinachopita shingoni bila kubana, nikakipasua ncha kwa msumeno, nikachomeka kipande cha msasa wa maji namba 320 nikakizungushia, mafuta kidogo, drili spidi ya chini, unaenda mbele na nyuma bila kukaa sehemu moja maana ukikaa unatoboa umbo la kapipa, pana katikati, badala ya shingo iliyonyooka. Bega la dai usiliguse, weka alama kwenye kifimbo ujue mwisho wako. Kila baada ya muda mfupi safisha unga wote wa msasa (ukibaki utachora maganda yako yote), paka ganda mafuta, libane, pima kwa mikromita. Pima ganda sio tundu la dai, kwasababu shaba ikitoka inajirudisha kidogo, kama 0.02 hivi, na wewe unachotaka kujua ni ganda limetoka na ngapi. Ukikaribia kipimo hamia namba 600 umalizie, ule ung'avu wa mwisho ndo unafanya ganda litoke laini bila kulia.

Nilisimama kwenye 8.53 na sikuongeza hata nywele, chuma kikishaondoka hakirudi. Tofauti ipo na unaisikia mkononi, mkono wa presi unarudi mwepesi na mshale wa saa umetulia.

Kama hutaki kushika drili, Forster wa Marekani wanatoa huduma ya kupanua shingo za dai zao wenyewe kwa kipimo unachowaambia, na Redding wana zile za bushi (kipete cha ndani kinachobana shingo) za kubadilisha, unachagua saizi unayotaka. Za bushi nzuri kwa mtu anayebadilisha badilisha maganda, ila bushi haifiki mpaka mwisho wa shingo karibu na bega, inaacha kipande hakijabanwa. Mi kile kipande nakitaka.

Nyota nne kati ya tano, moja naikata kwa kazi niliyofanya mwenyewe. Mwenye maganda ya kuokota mchanganyiko wa kila kiwanda aiache kama ilivyo, akiipanua yale membamba yatamwachia kichwa kizame ndani wakati wa kulisha bunduki, na kichwa kikizama presha inapanda, hapo hakuna utani. Kijipira nacho nimekikereza kikawa kidogo, sasa kazi yake ni kushikilia tu kile kipini cha kusukuma nje fataki iliyokwisha (kile kiwashio cha kwenye kitako cha ganda). Ganda likija limebonyea mdomo nalinyoosha pembeni kwanza kwa kipanulio, ndo linaingia kwenye dai.