Miaka mitatu nikiilipia The Tennis Podcast

Saa kumi na moja na nusu alfajiri huwa niko uwanjani na mpira wa maji mkononi. Kiwanja cha udongo hakimwagiliwi kama bustani ya mchicha. Ukizidisha maji, mipira haidundi. Ukipunguza, vumbi linapanda na watoto wanateleza. Kazi hii nilifundishwa na baba, aliyetunza viwanja vya klabu moja hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka 20. Mimi nilianzia papo hapo kuokota mipira, nikaja kushika raketi, na leo ni kocha wa watoto. Nikimwagilia, sikio moja naliacha wazi, la pili lina The Tennis Podcast. Nimeilipia miaka mitatu mfululizo. Wazazi na makocha wenzangu wameniuliza mara nyingi kama pesa hiyo haipotei bure, basi leo nawajibu kwa maandishi.

Kwanza nieleze ni kitu gani. Ni kipindi cha sauti cha Waingereza, kilianza 2012. Wenyewe ni David Law, mtangazaji wa tenisi wa redio ya BBC, na Catherine Whitaker, ambaye amewahi kuongoza matangazo ya tenisi ya Amazon Prime huko kwao. Baadaye akaongezeka kijana Matt Roberts, na kwa kweli kwa mambo ya takwimu na kumbukumbu huyo ndiye ninayemtegemea zaidi. Vipindi vya kawaida unasikiliza bure. Wakati wa mashindano makubwa manne ya tenisi duniani, yaitwayo Grand Slam, wanatoa kipindi kila siku. Anayelipia anapata vya ziada, na anasaidia kazi iendelee. Kulipa kutoka huku kulinisumbua mwanzoni: kadi ya mtandaoni niliyofungua kwa kampuni moja ya simu ilikataliwa mara mbili, na mara ya tatu pesa ilikatwa ikarudi baada ya siku tisa. Mwishowe nilitumia kadi ya benki ya dada yangu, na tangu hapo sijapata shida.

Sasa niseme kwa nini mtu wa kipato changu analipia mazungumzo.

Julai 2022 Angella Okutoyi aliandika historia pale Wimbledon, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la Grand Slam. Sitaisahau wikendi ile. Lakini asubuhi yake nilifungua ukurasa mmoja wa michezo wa hapa nyumbani nikakuta ameandikwa kuwa ni bingwa wa Wimbledon, basi. Hakuna neno vijana, hakuna neno wawili wawili, jina la mwenzake halimo, wala waliofungwa hawakutajwa. Jioni mwanafunzi wangu mmoja, binti wa miaka 12, akaja mbio na gazeti: "Kocha, kwa hivyo amempiga Rybakina?" Maana wikendi hiyo hiyo Elena Rybakina alikuwa amemshinda Ons Jabeur katika fainali ya wanawake, na mtoto alikuwa ameiona kwenye televisheni. Aliposoma bingwa wa Wimbledon alijaribu kuunganisha mambo mawili yasiyoungana.

Nikamketisha kwenye benchi nikamweleza. Okutoyi alicheza wasichana wawili wawili, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walipoteza seti ya kwanza 3-6 mbele ya Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko, wakapata ya pili 6-4, na ya tatu ilikuwa taibreka ndefu, gemu moja la kuamua mshindi, waliyoinyakua 11-9. Ushindi kama huo hauhitaji kutiwa chumvi. Ukweli wake ni mtamu kuliko ule uongo, kwa sababu mtoto anaweza kuupima: pointi mbili tu zingeenda upande mwingine, kombe lingeenda Kanada.

Na aliyeandika vile alimnyima msomaji kitu kingine. Yule Mboko, ambaye wazazi wake wanatoka Kongo, alianza mwaka 2025 akiwa nje ya wachezaji 300 bora duniani. Agosti mwaka huo huo, akiwa na miaka 18, alichukua ubingwa wa Kanada mjini Montreal. Alimtoa Coco Gauff, akamtoa Rybakina huyo huyo katika nusu fainali baada ya kupoteza seti ya kwanza 1-6, kisha akamshinda Naomi Osaka kwenye fainali. Yule mwanafunzi wangu wa benchi sasa ana miaka 15. Asubuhi baada ya fainali hiyo aliniambia mwenyewe: "Kocha, si huyu ndiye aliyepigwa na Angella?" Alikumbuka kwa sababu aliambiwa jina. Kama ningeliacha gazeti limfundishe, asingekuwa na uzi wowote wa kushika.

Hicho ndicho ninachokitafuta kwa mwandishi wa tenisi, kwamba ameona kwa macho yake au amemuuliza aliyeona. Watu wa udongo wana mfano wa karibu. Mpira ukianguka kwenye udongo unaacha alama, kaduara kadogo kaliyorefuka upande mmoja. Wachezaji wakibishana, mwamuzi hushuka kitini, huvuka uwanja, huinama juu ya alama na kuifuatisha kwa kidole mpaka kwenye mstari. Wapo wanaonyoosha kidole kutoka kitini. Nimewaona hata kwenye mashindano yetu ya watoto, na ndio wanaozua magomvi, kwa sababu uwanja mchana una alama mia na kutoka juu zote zinafanana. Wimbledon imewaondoa waamuzi wa mistari tangu 2025 na kuiachia mashine. Roland Garros, mashindano ya udongo ya Paris, waamuzi bado wanashuka kuangalia alama. Waandishi nao wako hivyo hivyo, wengi wanahukumu kutoka kitini.

Chukua fainali ya Roland Garros ya 2025, Carlos Alcaraz na Jannik Sinner, saa 5 na dakika 29. Sinner aliongoza seti mbili kwa sifuri. Katika seti ya nne alikuwa mbele 5-3, Alcaraz anapiga sevi, yaani mpira wa kuanzisha, ubao unasoma sifuri kwa 40: Sinner ana pointi tatu za ubingwa. Zote zikampita, na mwisho Alcaraz akashinda taibreka ya seti ya tano 10-2. Kesho yake nilisoma makala tatu zikisema Sinner hakuwa na moyo. Jamani! Ukihesabu pointi za mechi nzima, Sinner alichukua 193 na Alcaraz 192. Aliyeshindwa alishinda pointi nyingi zaidi. Mtu asiye na moyo hafanyi hivyo dhidi ya Alcaraz kwenye udongo. Anayeujua mchezo anajua kwamba tenisi haiulizi umepata pointi ngapi, inauliza umezipata lini, na hapo ndipo maelezo yanapotakiwa: aliupigia wapi mpira wa kurudisha, alisimama wapi, alibadilisha nini. Wale watatu wa podikasti huo ndio mtindo wao wa kawaida. Wanarudi kwenye mchezo wenyewe, gemu kwa gemu, na wasipokubaliana wanaachana hivyo hivyo bila kulazimishana.

Kuna jambo la pili ambalo wasikilizaji wengi hawalifikirii, nalo ni nani anamlipa anayezungumza. Tenisi ni kijiji kidogo. Anayetangaza leo jana alikuwa mchezaji, na kesho atakuwa kocha wa mtu. John McEnroe, msimu wa nyasi wa 2016, alikuwa mshauri wa Milos Raonic huku akiendelea kutangaza Wimbledon, mashindano ambayo Raonic alifika fainali. Simtilii shaka ujuzi wake, wachache wanaijua volei, kupiga mpira kabla haujadunda, kama yeye. Lakini mtazamaji aliyeko Kisauni anayesikia Raonic akisifiwa ana haki ya kujua sifa zinatoka wapi. David Law naye hayuko nje ya kijiji hicho. Aliwahi kufanya kazi ya mawasiliano katika chama cha wachezaji wa kiume, ATP, na kwa miaka mingi amesimamia habari za mashindano ya Queen's, London. Nilipolijua hili nilisita. Kilichonirudisha ni kwamba hafichi, hulitaja mwenyewe, na mimi nikisikia mazungumzo ya Queen's najua nichuje vipi. Nafuu mtu aliye ndani anayesema yuko ndani.

Na bado, kuwa ndani hakutoshi. Habari nzito kuliko zote za tenisi za muongo uliopita haikuletwa na wazoefu wa vyumba vya wanahabari. Januari 2016, mashindano ya Australia yakianza, BBC na BuzzFeed News walifichua kwamba kwa miaka kumi wachezaji 16 waliowahi kuwa ndani ya 50 bora walikuwa wametajwa tena na tena kwa kitengo cha uadilifu wa tenisi kwa tuhuma za kuuza mechi. Sehemu ya kazi ile ilifanywa na mchambuzi wa takwimu aliyepitia mwenendo wa kamari kwenye mechi 26,000. Baada ya hapo ikaundwa tume huru, ripoti ikatoka Desemba 2018, na 2021 shirika jipya la uadilifu, ITIA, likaanza kazi. Nawaambia makocha wenzangu hivi kwa sababu tunapenda kudharau mwandishi kwa kumwuliza "umewahi kushika raketi?" Aliyekaa na hesabu zile hakuhitaji kupiga bekhendi nzuri. Alihitaji subira na ujasiri, na marafiki wachache katika mchezo.

Kesi ya Sinner ya dawa ilinionyesha aina nyingine ya ujuzi. Vipimo viwili vya Machi 2024 vilionyesha klostebol, dawa ya kuongeza misuli iliyopigwa marufuku michezoni, sisi tukajua tarehe 20 Agosti. Baraza huru lilisema hakuwa na kosa, shirika la dunia la kupambana na dawa likakata rufaa, na Februari 2025 wakaafikiana afungiwe miezi mitatu. Wazazi klabuni waligawanyika: huyu anasema mwizi, yule anasema anaonewa kwa kuwa ni nambari moja. Kuieleza kesi ile ilibidi mwandishi ajue kusimamishwa kwa muda ni nini, rufaa ya haraka hufanywaje, na kwa nini mchezaji mmoja jina lake linatangazwa mapema na mwingine linabaki kimya kwa miezi. Kujua kupiga fohendi hakuna msaada hapo. Nataka mtu atakayekaa saa nzima kwenye jambo moja la namna hiyo, anayesema "hili limethibitishwa, hili ni maoni yangu" bila kuona haya. Nusu ya pesa yangu inakwenda hapo.

Nusu ya pili ni wanawake. Kwenye podikasti hii mechi ya wanawake haiwekwi mwisho kama kachumbari pembeni ya sahani. Catherine ndiye anayeongoza mazungumzo, na Świątek au Sabalenka wanachambuliwa kwa urefu ule ule wa wanaume. Ninafundisha wasichana kumi na mmoja. Sitaki wasikie kila siku kwamba mchezo wao unaelezwa kwa dakika nne.

Mambo mawili ya kujua kabla hujatoa pesa. Kipindi ni cha Kiingereza cha haraka, chenye vichekesho vya kwao, mechi za kriketi na chai. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikirudisha nyuma kila mara. Na usitegemee kusikia habari za mashindano ya Nairobi au ya vijana wa Afrika. Hiyo si kazi yao na hawajawahi kuiahidi. Hiyo ni kazi yetu, na inaniuma kwamba mechi ya fainali ya watoto inaweza kuchezwa hapa pwani kwa muda wa saa tatu juani na mwandishi wa michezo asifike, kisha akampigia simu kocha jioni kuuliza matokeo. Nimepigiwa simu hizo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza msichana alishindaje.

Wimbledon ndiyo kipindi kinapokuwa na faida kubwa kwangu. Sheria ya pale ni kwamba mechi husimama saa tano usiku wa London, kwetu saa saba. Nikiamka kwenda kumwagilia, mazungumzo ya siku nzima yananisubiri kwenye simu. Nasikiliza, nachagua jambo moja, na watoto wakifika saa kumi jioni nawaambia kwa Kiswahili kabla ya mazoezi. Dakika tano tu. Juzi lilikuwa suala la mahali pa kusimama kupokea sevi. Yule binti wa miaka 15 hakukubaliana na niliyowatafsiria. Akachukua kipande cha chokaa, akaenda nyuma ya mstari, akachora hatua zake mbili, akaniambia nimpigie sevi tuone.

Nimelipia mwaka wa nne.