Australia II: mkuku wenye mabawa

Karibuni tena, watazamaji. Leo tunaichambua Australia II, mashua ya mbio iliyolitoa Kombe la Amerika mikononi mwa New York Yacht Club mwaka 1983, baada ya miaka 132.

Jina la daraja lake lisiwachanganye. Hiyo "mita 12" ni jibu la hesabu ya kanuni. Mashua yenyewe ina kama mita 19, na mabaharia 11.

Tushuke kwenye mkuku, yaani ule uti mzito ulio chini ya mashua, maana utamu wote uko huko. Kanuni inabana kina, huwezi kushusha mkuku utakavyo. Mbunifu wake, Ben Lexcen, akaupindua: mfupi juu, mrefu chini, na miguuni mabawa mawili ya madini mazito ya risasi. Kwa nini? Mashua ikibisha, yaani ikipanda dhidi ya upepo, maji ya upande wa demani (upepo unakoelekea) yana msukumo mkubwa kuliko ya goshini (upepo unakotoka), basi yanapenya chini ya mkuku, yanajipinda na kuivuta mashua nyuma. Bawa linayazibia njia. Mashua ikilala, bawa la demani linazama zaidi, kama vile mkuku umeongezewa kina, na kanuni haijavunjwa. Risasi nayo imekaa chini kabisa, kwa hiyo mashua inalibeba tanga bila kulala mno.

Gharama ipo: mabawa yanaongeza msuguano na maji. Ndiyo maana mwili wake ukafanywa mdogo na mwepesi. Faida nyingine, ikageuka upesi sana.

Sasa ubovu, na hapa nawaomba mabaharia mnisikilize. Mbio ya kwanza ya Kombe dhidi ya Liberty, mashua ya Wamarekani, mtambo wa usukani ulikatika. Ya pili, kishikizo cha ncha ya tanga kubwa kilivunjika muda mfupi kabla ya kuanza. Baharia akapanda mlingotini, lakini tanga halikurudi kwenye umbo lake. Zote mbili zikapotea. Mkuku wa ajabu hauwezi kuokoa chuma kidogo kilichovunjika kule juu.

Liberty ya nahodha Dennis Conner ikaongoza 3-1, kisha ikafikiwa 3-3. Mbio ya saba, tarehe 26 Septemba, Liberty ilikuwa mbele kwa sekunde 57 wakishuka na upepo. Conner akaachana na mpinzani wake kwenda kutafuta upepo kwingine. John Bertrand, nahodha wa Australia II, akaupata huku, akapita, akamaliza sekunde 41 mbele.

Mashua iko makumbusho ya Fremantle. Ukifika, inama uyatazame mabawa yanavyoinamia chini.