Soba, mnyororo na kikombe: sehemu tatu nilizopelekwa kuacha unga

Mimi ni fundi sofa, Keko. Mteja akiniletea kochi, kabla sijagusa kitambaa naligeuza miguu juu, maana huko chini ndiko fundi mwenzangu alikoficha mbao za kuungaunga. Nimekula unga, yaani heroini, miaka kumi na moja, kuanzia 2005, na nimepelekwa kutibiwa sehemu tatu. Haipiti wiki hajaja mtu hapa karakana, mara nyingi mama au dada wa mtu, anajifanya kuulizia bei ya stuli, halafu anashusha sauti: "Fundi, samahani, eti wewe ulitibiwa wapi?" Nimechoka kujibu nusunusu huku nimeshika nyundo. Naandika yote mara moja, na kila sehemu naipa nyota zake, tano zikiwa ndiyo mwisho.

Soba kwanza. Serikali inaziita nyumba za upataji nafuu, sisi tunasema soba. Ilikuwa 2014, na aliyelipa ni dada yangu, laki mbili na nusu kwa mwezi, miezi mitatu, pesa ya kikoba aliyokuwa aongezee mtaji wa vitenge. Alikwenda kupaangalia akarudi kafurahi: geti jeusi, bustani, vitanda vina shuka za rangi moja. Siwezi kumlaumu, hata mimi ningeangalia hivyohivyo.

Arosto nilimalizia mle. Kwa asiyeijua: saa nane hivi baada ya kete ya mwisho unaanza miayo, miayo mpaka taya linauma, makamasi yanatoka na machozi yanatoka na wala hulii. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kazi. Mifupa inawaka, tumbo linafunguka, miguu inarusha mateke yenyewe, na maji ya kuoga ukiyaona unayakimbia kama paka. Pale hapakuwa na dawa, hata ya kuharisha. Palikuwa na uji, chumvi na sukari kwenye maji, na jamaa mmoja wa Tanga aliyekuwa na miezi minane msafi. Huyo alinikanda miguu usiku kucha na mafuta ya nazi, anasimulia mpira. Nikimkumbuka hata leo namwombea.

Baada ya wiki nikaanza kula, usingizi ukachelewa sana kurudi. Ratiba ilikuwa kali na nilikuja kuipenda: kuamka saa kumi na moja na nusu, kufagia, zamu ya jikoni, halafu mkutano wa zile hatua kumi na mbili za kuacha ulevi, "leo tu, kesho haijafika". Katika mkutano mmoja nilisema mbele ya watu kwamba niliiba cherehani ya mama na kuiuza elfu thelathini. Nilikuwa sijawahi kulisema hata mwenyewe chumbani. Kwa hilo ile nyumba naiheshimu.

Sasa geuza kochi. Siku ya tisini wakanipigia makofi, soda, picha, geti likafunguliwa. Basi. Hakuna aliyeniambia nikienda Keko nikae na nani, nikipata hamu saa mbili usiku nimpigie nani. Na jambo moja ambalo lilipaswa kuandikwa kwa rangi ukutani hakuna aliyelitamka: mwili uliokaa miezi mitatu bila unga umeshapoteza uzoefu, na kile kipimo ulichokuwa unakimudu zamani sasa kinakata pumzi. Nilitoka najiona mzima. Siku ya kumi na moja nikakutana na mwenzangu wa kijiweni, nikachukua kipimo changu kilekile cha zamani. Wananiambia midomo iligeuka bluu. Walinimwagia ndoo ya maji, wakanipiga vibao, mwingine akakimbilia kununua maziwa, maana kijiweni maziwa ni dawa ya kila kitu. Aliyeniokoa ni dereva bajaji aliyenipeleka hospitali bila kuuliza nauli. Nilizinduka na mpira wa hewa puani, dada amekaa pembeni na pochi ya vitenge mapajani.

Alipowapigia soba, akajibiwa kwamba kijana alishamaliza muda, akirudi alipe kiingilio upya. Nyota mbili, zote za yule jamaa wa Tanga. Sisemi soba zote ziko hivyo. Unguja zipo zinazoendeshwa na watu waliopitia wenyewe, na ninao rafiki zangu walitokea huko wakasimama mpaka sasa, wana watoto shule.

Ya pili nitaipita haraka. Ilikuwa nje ya mji, ukishuka daladala unapanda bodaboda tena, kwa mtu aliyejiita mtaalamu. Alimwambia dada ndugu hawaruhusiwi kuja siku arobaini ili "dawa ishike". Dawa yenyewe ilikuwa mnyororo mguuni, umefungwa kwenye nguzo, na viboko kwa anayepiga kelele usiku. Nilikaa siku kumi na tisa. Dada alishtuka mwenyewe, akaja bila taarifa, akakaa getini juani na mwavuli wake, akasema haondoki mpaka anione. Alama ya mguuni bado ninayo. Sifuri, na kama zingekuwepo za chini ya sifuri ningempa. Ukienda kumwangalizia ndugu yako sehemu, omba kuona chumba wanacholala wenye arosto. Kama hawataki ukione, rudi na nauli yako.

Tuje kwenye kikombe.

Methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga ili arosto isikushike, ilianza Muhimbili Februari 2011, baadaye Mwananyamala, kisha Temeke, ikaenda mikoani. Mimi nilikuwa nazisikia hizo habari miaka yote na nilikuwa naziogopa, kwa sababu kijiweni zilikuwa na tafsiri yake: inaozesha mifupa, inamaliza nguvu za kiume, "ni unga wa Serikali". Nilikwenda Januari 2017 kwa sababu mwelimishaji rika mmoja, naye mteja wa palepale, alinifuata kijiweni mara sita. Mara ya sita nilikuwa sina hata jero.

Ni bure. Hilo nalisema mapema kwa akina dada wanaouza vitenge. Walinipima mkojo kuhakikisha ni unga kweli, wakapima virusi vya Ukimwi na homa ya ini, wakaniuliza kila ninachomeza. Nikaanzishwa miligramu 30, wakawa wanapandisha taratibu. Hapa wengi hukimbia. Wiki ya kwanza na ya pili dozi ni ndogo, alfajiri arosto inakugusa, unasema dawa ya uongo, unarudi kwa muuzaji. Hawawezi kukupandisha haraka kwa sababu methadoni inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, ya leo inapanda juu ya ile ya jana, na ikizidi unalala usiamke. Ukichanganya na Valium au pombe ndiyo kabisa. Nilipofika 80 ikatulia. Hakuna stimu, hakuna arosto. Niliamka asubuhi moja nikawaza chai kabla ya kitu kingine chochote. Miaka kumi na moja sikuwahi kuwaza chai.

Kila siku ni hivi. Unafika dirishani, kuna nondo. Unatoa kadi. Mfamasia anaangalia picha, anakuangalia wewe, anakuangalia macho kama umesinzia. Kikombe kidogo cha plastiki, dawa chungu, unaishusha mbele yake. Anakujazia maji kwenye kikombe kilekile, unasuuza, unameza. Halafu anasema, "Haya, ongea." Lazima useme neno, kwa sababu wapo waliokuwa wanaibana shavuni wakaiuze nje. Wengine wanasema jina, wengine wanasema "Simba" au "Yanga" wamchokoze. Mimi nasema "Ahsante sista", siku zote.

Mwezi wa nne nilipata kazi ya viti vya ukumbi Kibaha, pesa nzuri. Na pesa nzuri mimi nilikuwa sina mazoea nayo. Siku tano sikwenda kliniki. Nilipita kijiweni. Siku ya sita nimesimama nje ya uzio natetemeka, nimejiandaa kwa matusi, nimeandaa na uongo kuhusu msiba. Nesi akafungua daftari, akahesabu kwa kidole. "Siku tano, kaka. Umetumia nini?" Uongo ukanishinda, nikamwambia ukweli. Akasema, "Basi themanini leo hatukupi, tutakuua. Tunaanza chini tena. Kaa hapo kivulini, daktari anakuja." Akaniletea kiti.

Ni hicho kiti. Ningeulizwa swali moja tu la kuuliza unapochagua sehemu, ningesema waulize wanamfanya nini mtu aliyeanguka akarudi. Soba yangu ilidai kiingilio. Yule wa mnyororo angeongeza viboko. Hapa walinipunguzia dozi wakanipandisha upya, nikaendelea.

Mwaka uliofuata wakanikamata na kikohozi. Sikuwa nimelalamika, mshauri ndiye alinisikia kwenye foleni akanitoa nikateme makohozi. TB. Dawa za TB ni miezi sita, na nikaanza kuzimezea palepale dirishani. Wiki ya pili arosto ikarudi saa kumi alfajiri, nikadhani nimelogwa. Daktari alinichorea kwenye karatasi: ile dawa ya TB inayogeuza mkojo kuwa mwekundu, rifampisini, inalifanya ini lichome methadoni haraka, kwa hiyo 80 yangu ilikuwa inaishia njiani. Wakapandisha mpaka 130. TB ilipoisha wakaishusha polepole, maana ini likirudi kawaida 130 ileile ingekuwa sumu. Jiulize kwenye ule mnyororo nani angeyajua hayo.

Kero zipo, na si ndogo. Foleni. Kwenda kila siku, Idi na Krismasi, mvua na jua. Miaka ya mwanzo nusu ya kipato changu ilikuwa nauli, na mabosi wawili walinifukuza kwa kuchelewa. Mjomba wangu alipofariki kijijini sikuweza kukaa matanga, nilizika nikageuza usiku uleule kwa sababu kule hakuna kikombe. Mlinzi wa getini alikuwa anatuita mateja mbele ya wapita njia, na ukimwambia shikamoo haitikii. Washauri ni wachache, unaweza kumaliza mwezi hujakaa na mtu ukaongea. Halafu dawa yenyewe: jasho, jasho la kulowanisha shati saa tatu asubuhi, na choo kuwa kigumu. Kila mteja wa methadoni unayemwona sokoni anachagua mapapai, sasa unajua kwa nini. Nguvu za kiume? Dozi ikiwa kubwa hamu inapungua kweli, sitadanganya. Mtoto wangu ana miaka minne.

Nyota nne. Ya tano imebaki na mlinzi.

Kikombe peke yake hakikunifundisha kukaa nyumbani Jumamosi jioni na mfuko una elfu hamsini. Hayo nilirudi kuyatafuta kwenye yale mafunzo ya soba. Nina kikundi cha Jumapili, tunakaa watu tisa au kumi nyuma ya duka la mtu, chai na mihogo, na nina mtu wa kumpigia saa mbili usiku. Dada ndiye anayetunza pesa yangu, mpaka leo, na ananipa kwa mafungu kama mtoto wa shule. Wanaonicheka wanicheke. Dozi yangu sasa ni 40 na inashuka kidogokidogo. Nilipokuwa na haraka ya kuimaliza daktari alinikatalia mara mbili, na alikuwa sahihi mara zote mbili. Wapo wazee wetu pale ambao hawashuki kabisa, wanakunywa, wanakwenda kazini, na hawana deni na mtu.

Na tuelewane, hiki kikombe ni cha watu wa unga. Mwezi uliopita alikuja mama anauliza kuhusu mumewe, mtu wa gongo toka asubuhi, anataka amfungie ndani wiki aache. Nikamwambia mama yangu, usithubutu. Mlevi wa kila siku ukimkatia ghafla anaweza kupata degedege akafa mikononi mwako. Mpeleke hospitali, useme kabisa anakunywa kiasi gani, wamwachishe wao na dawa zao.

Mwingine alikuja wiki mbili zilizopita, dada wa kijana mmoja wa huku Chang'ombe, naye akaanza na bei ya stuli. Nikamwambia aache habari za stuli, Jumatatu saa kumi na mbili na nusu nitakuwa kituoni, aniletee mdogo wake tuongozane, mimi nakwenda kunywa yeye akaandikishwe. Jumatatu nilisubiri mpaka daladala tatu zikapita. Jumanne vilevile. Jumatano nimeshaweka mguu ndani nikasikia naitwa, "Fundi! Fundi!" Namwona kijana anakuja anakimbia, anapiga miayo, miguuni kavaa ndala za pinki za dada yake.