Vipimamvua vya plastiki kwenye vuli ya Mwanza: kipi kinafaa, kipi kinadanganya

Katikati ya Oktoba mtu wa Igoma atakuambia mvua zimeshaanza, wa Nyegezi atakuambia vumbi halijalala, na wote wawili wanasema kweli. Vuli ya huku ziwani haiingii kwa siku moja. Inapiga leo, inakata siku tisa, inarudi usiku na ngurumo nyingi na maji machache, halafu jua linachoma kama Agosti. Anayesubiri kupanda au kujaza tangi hawezi kutegemea neno "imenyesha". Anahitaji namba, tena ya kwake, ya shamba lake, na namba hiyo inapatikana kwenye kifaa ambacho wengi wanakidhania ni cha ofisi za hali ya hewa tu: kipimamvua. Hapa tunaziangalia aina tatu za plastiki ambazo mkulima au mwenye nyumba anaweza kununua, pamoja na ile ya kujitengenezea.

Kwanza, kwa nini uhangaike na kipimo chako wakati jirani anacho? Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu ya ziwani yana tabia yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Upepo unatoka nchi kavu pande zote, unakutana katikati ya ziwa, na radi zinajengeka huko juu ya maji. Ukiwa Kirumba unaona umeme unapiga upande wa Ukerewe usiku kucha, asubuhi uwanja mkavu. Mchana mambo yanageuka: upepo unavuma kutoka ziwani, unasukuma mawingu bara, na mvua inamwagika Misungwi au Kwimba wakati mjini watu wameanua nguo bure. Kilomita tano zinatosha kabisa kutenganisha shamba lililolowa na shamba kavu, kwa hiyo namba ya jirani haikusaidii sana.

Tuanze na aina ya bei ndogo, kile kibomba chembamba chenye mdomo wa sentimita tatu hivi, cha kuchomeka kwenye bustani. Hatukishauri. Mdomo wa kipenyo cha sentimita tatu unakusanya mililita 0.7 tu kwa kila milimita ya mvua. Tone likigonga ukingo na kurukia nje, au kumbikumbi mmoja akitumbukia ndani, kipimo kimeshapotea. Mvua za kwanza za vuli huja na upepo wa kulaza, na kwenye mdomo mdogo kama huo upepo unapitisha maji juu badala ya kuyaingiza ndani.

Aina ya pili ina umbo la kabari: mdomo mpana wa mraba, chini imebanwa. Uzuri wake ni kwamba milimita za mwanzo zimetanuliwa, kwa hiyo rasharasha ya milimita 1 au 2 unaisoma vizuri bila kukaza macho. Kadiri maji yanavyopanda, ndivyo alama zinavyosogeleana, na ukifika milimita 40 ni rahisi kukosea kwa milimita moja au mbili. Ubaya wake mkubwa ni kwamba iko wazi juu. Usipoisoma mapema, jua linaanza kunywa kipimo chako. Na mahali inapokufia ni kwenye ncha ya chini, plastiki ikishakauka kwa jua: inapata ufa mwembamba usioonekana kwa macho, maji yanachuruzika usiku, asubuhi unaandika 4 palipokuwa na 9. Kuujua ufa huo ni rahisi. Jioni ya siku kavu jaza maji hadi alama ya 20, kiweke ndani ya nyumba, na asubuhi angalia kama kimeshuka.

Aina ya tatu ndiyo tunayoipendekeza bila kusita: silinda ya inchi nne yenye bomba la ndani. Ina sehemu nne, yaani faneli ya juu, bomba jembamba la ndani, silinda ya nje, na kishikio cha kufunga kwenye nguzo. Eneo la mdomo wa faneli ni mara kumi ya eneo la bomba la ndani, kwa hiyo milimita 1 ya mvua inasimama kwa urefu wa sentimita nzima kwenye bomba. Hata sehemu ya kumi ya milimita inasomeka. Bomba linajaa mvua ikifika milimita 25 hivi, na kinachozidi kinamwagikia kwenye silinda ya nje. Ukikuta bomba limejaa, andika namba yake, limwage, kisha mimina polepole maji ya silinda ya nje ndani ya bomba, soma na ujumlishe. Wengi wanasahau hatua hii ya pili, na siku ya mvua kubwa ya milimita 60 daftari linaonyesha 25. Faneli pia inazuia maji yasikauke haraka, na hilo lina uzito mkubwa Oktoba.

Kabla hujalipa, angalia vitu viwili dukani. Cha kwanza, vipimo viwe vya milimita. Vipo vinavyouzwa vikiwa na inchi peke yake, na inchi moja ni milimita 25.4, hesabu ambayo utachoka kuifanya kila asubuhi. Cha pili, alama ziwe zimechongwa au kuinuliwa kwenye plastiki yenyewe, si stika. Stika inabanduka msimu wa kwanza.

Ukifika nyumbani, kipime kwa sirinji ya mililita 20 kutoka duka la dawa. Chukua kipenyo cha mdomo kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, zidisha tena kwa 0.785, kisha gawanya kwa 10: hapo unapata mililita zinazolingana na milimita 1 ya mvua. Kwa mdomo wa inchi nne, yaani sentimita 10.16, ni mililita 8.1. Kwa hiyo sirinji nne zilizojaa, mililita 80, zinatakiwa kusomeka 9.9, chini kidogo ya alama ya 10. Ikisomeka 8 au 12, rudisha dukani. Maji hupanda kidogo kwenye kuta za bomba. Soma mbonyeo wa katikati, jicho likiwa usawa wa maji.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayookoa kipimo cha kujitengenezea. Kata sehemu ya juu ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, igeuze iwe faneli, ichomeke kwenye sehemu ya chini. Usihangaike na kokoto za kusawazisha kitako wala rula ya kusomea, kwa sababu chupa hizi zina mikunjo na kitako chake hakiko sawa. Asubuhi vuta maji yote kwa sirinji na ugawanye: mdomo wa sentimita 9 ni mililita 6.4 kwa kila milimita. Kwa usahihi chupa hii inakishinda kile kibomba cha bustani kwa mbali. Udhaifu wake ni wepesi. Upepo wa ziwani unaondoka nayo isipofungwa kwa waya kwenye nguzo.

Kukifunga ndiko watu wanakoharibu. Mwanza ni jiji la miamba, na mwamba ulio karibu unarusha matone kwenye mdomo wa kipimo. Nyumba za Isamilo na Capripoint zina shida hii, na juu ya mwamba penyewe upepo unaongezeka kasi na kupunguza maji yanayoingia. Tafuta eneo la nyasi au udongo. Simika nguzo ya mita moja na robo hivi, kata kichwa chake mshazari ili maji yaporomoke upande wa pili, na funga kipimo ukingo ukiwa sentimita 10 juu ya nguzo. Hakikisha ukingo uko usawa kwa pimamaji. Umbali kutoka kwenye kitu chochote kirefu uwe angalau mara mbili ya urefu wake: ukuta wa mita 4, kaa mita 8, mwembe wa mita 10, kaa mita 20. Kwenye viwanja vilivyobanana vya Mabatini au Igogo hutapata nafasi hiyo. Chagua palipo wazi zaidi na usihamishe kipimo katikati ya msimu, maana ukihamisha, namba za Oktoba na za Novemba hazilinganishwi tena. Kwenye ukingo wa paa la bati usikifunge kabisa.

Halafu kumbikumbi. Mvua ya kwanza ya maana ikipiga, jioni au alfajiri wanatoka kwa maelfu, na asubuhi faneli imejaa mbawa. Mbawa mbili zikilala juu ya tundu, maji yanabaki juu kama kwenye sahani, jua linayakausha, na bomba linaonyesha 2 wakati zilinyesha 12. Ni mchezo mbaya kwa sababu unatokea siku ile ile unayoihitaji namba kuliko zote. Kuna wanaofunika faneli kwa chandarua; sisi tunapinga, kwani nyuzi zinashika maji na kurusha matone. Pangusa kwa kidole kila asubuhi hata kama haikunyesha. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi nao hutumbukia, lakini hao wanapita kwenye tundu na kubaki bombani kama tope jeusi. Safisha kwa brashi ya chupa ya mtoto na sabuni ya maji. Usitumie mchanga wala stiliwaya, plastiki itakwaruzika na hutaona alama.

Soma saa tatu kamili asubuhi, saa ile ile inayotumika kwenye vituo vya hali ya hewa, ili namba yako ilinganishwe na ya kwao. Andika 0 siku kavu; usiache wazi, kwa sababu nafasi tupu haisemi kama hakikusomwa au haikunyesha. Ukisafiri siku mbili, andika jumla na uweke alama kwamba ni ya siku mbili.

Sasa namba inasema nini? Kigezo cha kupanda kinachotumiwa sana na wataalamu wa kilimo ukanda huu ni milimita 20 ndani ya siku zisizozidi tatu, kisha kusiwe na ukavu wa zaidi ya siku saba hadi kumi. Tuseme Jumatatu umepata 6, Jumanne 0, Jumatano 9. Jumla ni 15, ardhi imebadilika rangi, kuna harufu ya mvua, majirani wameshika majembe. Bado. Kwenye luseni, ule mchanga wa miinuko ya Usukumani, milimita 1 hulowesha takriban sentimita 1, na jua la Oktoba linaweza kurudisha hewani milimita nne hadi tano kwa siku. Mahindi yaliyofukiwa sentimita 5 yatachipua kwa unyevu huo, mzizi utashuka, utakuta vumbi, na mche utaungua siku ya kumi. Kwa ekari moja hizo ni kilo nane hadi kumi za mbegu. Marando ya viazi yanaungua upesi zaidi. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi mzito wa bondeni, subiri zaidi ya 20, kwa sababu maji ya kwanza yanapotelea kwenye nyufa, na udongo mzito unalowa nusu tu ya kina cha mchanga kwa mvua ile ile. Hakikisha kwa panga: chimba, na unyevu ufike sentimita 15.

Sehemu ya pili ya kigezo, ule ukavu unaofuata, kipimamvua hakiwezi kukuambia. Hapo ndipo zinapofaa taarifa za siku kumi za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Utabiri wao wa vuli wa Oktoba hadi Desemba unautaja ukanda wa Ziwa Victoria kivyake, na ukisoma "wastani hadi chini ya wastani" nunua mbegu ya muda mfupi. Vuli ya huku inafuata sana joto la Bahari ya Hindi. Miaka ya 1997, 2019 na 2023 ilimwaga kupita kiasi. Lakini utabiri ni wa mkoa mzima au sehemu kubwa ya mkoa. Nguzo yako ni ya shamba lako, na viwili hivi vinatumika pamoja.

Kwa wa mjini asiyelima, milimita 1 kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 10, ukitoa kinachopotea kwenye mifereji, linajaza tangi la lita 1,000 kwa mvua ya milimita 15. Milimita mbili za kwanza za msimu zimwage nje, zina vumbi lote la kiangazi na vinyesi vya ndege.

Mwisho wa Mei, masika yakikatika, toa bomba na faneli, osha, weka ndani penye kivuli. Miezi mitatu ya jua kali bila mvua inaila plastiki bila faida yoyote. Rudisha nguzoni mwanzoni mwa Septemba, baada ya kukipima tena kwa sirinji na kukikesha na maji usiku mmoja.