GranSport au GranTurismo: Maserati mbili kuukuu, mfuko mmoja

Pesa niliyokuwa nimetenga ilitosha Maserati moja kati ya mbili: GranSport ya 2005 au GranTurismo ya 2008 yenye injini ya lita 4.2. Hapa Uingereza bei za magari haya zimeshuka mpaka zimekutana. Mengi niliyoyaona yalikuwa kati ya pauni 18,000 na 25,000, na la chini ya hapo lilikuwa na sababu yake. Nimechukua GranTurismo. Wanaoniuliza kwa nini nimeiacha ile nyepesi, yenye makeke zaidi, jibu langu ni giaboksi.

Injini zao ni za ukoo mmoja, V8 (silinda nane) iliyotengenezwa na Ferrari kule Maranello. GranSport inatoa nguvu farasi 400, GranTurismo 405. Ukifungua boneti utazitofautisha kwa rangi: vifuniko vyekundu kwa GranSport, ambayo oili yake inakaa kwenye tangi la pembeni, na vya buluu kwa GranTurismo 4.2, ambayo oili inakaa chini ya injini kama gari la kawaida. Zote zinaendesha valvu kwa cheni, si mkanda. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "mkanda wa timing nimeubadilisha juzi tu", mshukuru, aga, nenda zako.

Mambo yanaanza kuachana nguvu inapotoka kwenye injini. Giaboksi ya GranSport imewekwa nyuma, kwenye ekseli, na kwa ndani ni ya manual kabisa, gia sita. Ila pedali ya klachi hakuna. Pampu ya haidroli ndiyo inayokukanyagia klachi na kukutilia gia. Wewe unavuta tu vijiti viwili vilivyo nyuma ya usukani. Wataliano wameiita Cambiocorsa. Barabara ikiwa wazi na injini imepanda, utamu wake sina la kusema: gia inaingia na kukusukuma mgongoni, ekzosti inapasuka nyuma yako, na unatamani mzunguko unaofuata wa barabara ufike haraka. Kama gari lingekuwa la Jumapili asubuhi peke yake, ningeishia hapo.

Mwenye GranSport niliyeenda kumwona Sheffield anakaa mtaa wa mteremko, na mji ule ni vilima vitupu. Maegesho ya nyumba yake yako chini ya usawa wa barabara, kwa hiyo alilazimika kulitoa gari kwa rivasi huku likipanda. Likasita. Likasogea kidogo, likatetema, likasogea tena, na harufu ya klachi ikatufikia kabla tairi za nyuma hazijagusa lami ya mtaani. Hiyo ndiyo kazi inayoiua Cambiocorsa: kompyuta inaisugua klachi polepole ili gari lisirushwe, na kila rivasi ya mlimani inaila. Klachi hii haikisiwi kwa macho wala kwa masikio. Mashine ya uchunguzi huisoma imelika asilimia ngapi, na muuzaji makini anakuwa na karatasi. Huyu bwana alikuwa nayo, na hakuificha: ilishapita 70. Kuibadilisha kunaingia kwenye maelfu ya pauni. Alikuwa tayari kupunguza bei, lakini mimi nakaa Leicester na kazini naenda kwa foleni, jioni narudi kwa foleni. Ningenunua klachi mpya nikaanza kuiua wiki hiyohiyo.

GranTurismo ya 4.2 imefungwa automatic ya ZF, kampuni ya Kijerumani, gia sita, familia ileile iliyowekwa kwenye BMW na Jaguar za miaka ile. Fundi yeyote wa automatic anaifahamu. Haina ule msukumo wa mgongoni, na ukiikanyaga ghafla kwenye mwendo mdogo inafikiri kwanza kabla ya kujibu. Kwenye foleni lakini unasahau kama ipo, nami hilo ndilo nililolitaka. Muulize muuzaji kama oili ya giaboksi imewahi kubadilishwa. Ile hadithi kwamba oili hiyo ni ya maisha usiikubali.

Kwa umbo, GranSport imetoka mkononi mwa Giugiaro, fupi na imekaza misuli; GranTurismo ni ya Pininfarina, na kwangu hakuna mashindano. Ni ndefu na nzito, karibu kilo 200 zaidi, na kwenye kona nyembamba unazihisi zote. Faida yake iko viti vya nyuma. Kijana wangu wa miaka 14 ana miguu kama ya twiga, na nyuma anakaa bila kulalamika. Kwenye GranSport alijaribu, akatoka akicheka. Buti ndilo linaloudhi: gari lote lile, mabegi mawili ya maana na umemaliza.

Sasa jambo la kuangalia kuliko yote kwenye V8 hizi: uwashaji wa kwanza, injini ikiwa baridi. Kuna vifaa vinaitwa variator, kazi yake ni kusogeza muda wa kufunguka kwa valvu. Vikichoka, injini ikiwaka unasikia mkwaruzo wa chuma, krrr, sekunde moja au mbili, kisha kimya. Injini ikishapata moto unaweza usisikie kitu, na wauzaji wanalijua hilo. GranTurismo ya kwanza niliyoifuata, kwa muuzaji mmoja wa magari, niliweka kiganja juu ya boneti nikakuta ina uvuguvugu. Nikaambiwa ilihamishwa tu kupisha lori. Huenda. Sikuingia hata ndani. Niliyoinunua, mwenyewe nilimpigia simu usiku wa kuamkia siku hiyo nikamwomba asiiguse; akaiwasha mbele yangu, ikanguruma safi bila mkwaruzo. Historia ya MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka wa hapa Uingereza, niliisoma bure kwenye tovuti ya serikali kabla sijafunga safari. Humo niliona bushi za mbele zimetajwa zaidi ya mara moja, nikazitumia kuteremsha bei.

Kodi ya barabara, wengi hawaijui hii. Gari linalotoa moshi mwingi kama haya, likiwa limesajiliwa kabla ya tarehe 23 Machi 2006, linawekwa daraja la nafuu. La baada ya hapo linapanda hadi daraja la juu kabisa. Maana yake GranSport ya 2005 inalipa nusu na kidogo tu ya ninacholipa mimi kila mwaka. Ukiamua GranSport, tazama tarehe ya usajili kabla ya kutazama rangi.

Kaka yangu wa Mombasa ananiuliza nitaileta lini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo itabaki huku, aje yeye.

Nimeishi nayo vya kutosha kujua inavyokula. Mjini haipiti maili 13 kwa galoni, barabara kuu inafika 20 ukiwa na subira. Isipoendeshwa siku kadhaa betri inalala, kwa hiyo nyumbani iko kwenye chaja. Vitufe vya ndani vimeanza kunata, ule ugonjwa wa magari ya Kitaliano ya miaka hiyo, ambapo ule mpira wa juu unayeyuka na kuwa kama gundi. Cha kioo cha abiria nilikisugua kwa spiriti mpaka plastiki ikabaki tupu. Kinafanya kazi, ila alama yake imefutika, na mke wangu sasa anabonyeza kwa kukumbuka. Bushi za mbele fundi amezipangia mwezi ujao.