Kusawazisha toni kwa darktable kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 4

Anayepiga picha za harusi katika miji ya Pwani analijua tatizo hili vizuri. Wazee wameketi kibarazani wakisubiri nikahi ifungwe, jua la alasiri limewapiga kuanzia kifuani kwenda chini, na nyuso zao zimo kivulini mwa paa. Ukipandisha mwanga wa picha nzima ili nyuso zionekane, kanzu zinaungua, yaani zinakuwa nyeupe tupu; ukiziokoa kanzu, nyuso zinabaki giza. Njia iliyozoeleka ni kupanga tabaka juu ya tabaka na kupaka kwa brashi uso mmoja baada ya mwingine. Kompyuta yenye nguvu huibeba kazi hiyo bila shida, lakini mpakato wangu wa mtumba, wenye RAM ya GB 4 na usio na kadi ya michoro ya kujitegemea, huanza kuvumisha feni na kuganda kabla sijafika uso wa tatu.

Ndiyo maana naandika kuhusu darktable, programu huria isiyolipiwa inayofanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS, mradi kompyuta yako iwe ya biti 64. Sitaipitia yote. Ninayoipima hapa ni moduli yake moja, yaani zana moja kati ya zilizomo ndani yake, ambayo kwenye skrini utaiona kwa jina la tone equalizer. Moduli hii iliandikwa na Aurélien Pierre na ikaingia katika toleo la 3.0 la Desemba 2019. Inaugawa mwanga wa picha katika ngazi tisa, kutoka weusi mzito hadi mng'ao mkali, kila ngazi ikiwa stopu moja (yaani mwanga mara mbili au nusu yake) mbali na jirani yake, na kila ngazi ina kitelezi chake kinachoweza kupandishwa au kushushwa hadi stopu mbili. Nyuso zikiwa katika ngazi za chini na kanzu katika ngazi za juu, unazipandisha zile na kuziacha hizi, bila kupaka chochote.

Mkunjo wa kawaida wa toni nao hupandisha vivuli, lakini ukipandisha sana picha hupauka, kwa sababu tofauti ndogo zilizomo ndani ya kivuli hubanwa pamoja. Moduli hii kwanza hutengeneza barakoa, yaani nakala ya picha iliyolainishwa ambamo maeneo yanayokaribiana kwa mwanga yameunganishwa huku kingo zikibaki mahali pake, kisha hulipandisha eneo zima kwa pamoja. Katika picha moja ya mzee aliyevaa kofia ya kazi ya mkono, nilipandisha kivuli kwa karibu stopu moja na nusu, na vitundu vya nakshi vya kofia vikabaki kimoja kimoja, na mikunjo ya paji la uso ikabaki na kina chake. Kazi hiyo ilinichukua mizunguko michache ya gurudumu la kipanya, kwa sababu unaweza kuweka kishale juu ya shavu lenyewe na kuzungusha gurudumu, nayo moduli ikatambua ni ngazi gani inayoguswa.

Kinachowakatisha tamaa wanaoanza ni kichupo cha barakoa, ambacho wengi hawakifungui kabisa. Histogramu ya barakoa, yaani mchoro unaoonyesha mwanga wake umesambaa vipi, ikiwa imejikusanya upande mmoja, vitelezi vingi havitakuwa na cha kushika, nawe utadhani moduli haifanyi kazi. Bonyeza alama ya kifimbo iliyo kando ya kitelezi cha fidia ya mwanga, kisha kile cha fidia ya kontrasti, urudie mpaka histogramu itandazike katika ngazi nyingi iwezekanavyo, ndipo uguse vitelezi. Na mwanga wa jumla wa picha uwe umekwisha kuupanga kabla ya hapo, kwa maana ukiubadilisha baadaye barakoa inahama na kila ulichopanga kinapotoka. Nadhani hatua hii ilistahili kuwekwa mbele ya macho ya mtumiaji, si kufichwa kwenye kichupo cha tatu.

Sasa kasi. darktable hukokotoa kila pikseli kwa namba nne za biti 32, kwa hiyo picha ya megapikseli 24 huhitaji takriban MB 384 kwa nakala moja tu iliyo kwenye kumbukumbu. Mwenye GB 4 ni lazima apange mambo yake. Katika mipangilio nimeweka kiwango kidogo cha rasilimali, ili programu iikate picha vipande inapoelemewa. Katika moduli yenyewe naacha idadi ya marudio ya kulainisha kwenye moja, kwani kila rudio linaongeza hesabu. Muhimu kuliko yote, sigusi moduli ya kutawanya na kunoa (diffuse or sharpen) mpaka mwisho: ni nzito, na katika mpangilio wa kazi iko baada ya kusawazisha toni, hivyo kila usogezapo kitelezi nayo huanza upya. Nikifuata utaratibu huu, badiliko linaonekana baada ya kungoja kidogo tu, kungoja ambako hakunipotezei jicho la picha.

Ipo hali ambayo ngazi za mwanga hazitoshi. Mlango wa mbao wa kibarazani ukiwa na giza sawa na uso wa aliyekaa mbele yake, vyote viwili vitapanda pamoja, na mlango uliopauka unaharibu picha. Hapo naiwekea moduli hiyohiyo mpaka, ili ifanye kazi ndani yake tu: duara dufu lenye ukingo mpana kuzunguka kichwa, basi. Mpaka wa brashi wenye nukta nyingi ungekuwa sahihi zaidi, lakini kwenye mashine kama yangu unaburuta kila kitu.

Hatua moja imebaki kuwa ngumu, nayo ni kutoa picha kamili kama faili lililokamilika, kwa sababu wakati wa kuhariri programu hushughulikia kile tu kinachoonekana kwenye skrini, ilhali wakati wa kutoa hukokotoa picha nzima. Picha za harusi moja naziweka kwenye foleni baada ya isha, nafunga programu nyingine zote, na asubuhi nazikuta tayari kwenye folda.