Duka la mafuta ya kukamua mtaani Ntinda: ufuta ni mzuri, kichujio kiacheni rafuni

Duka hili dogo lililo mtaa wa Ntinda jijini Kampala, ambalo sitalitaja jina kwa kuwa nina malalamiko dhidi yake, huuza vitu vya aina tatu: mafuta ya kupikia yaliyokamuliwa bila kemikali, dawa za meno zisizo na floridi (madini ya kukinga meno), na vichujio vya maji vya kuweka mezani. Vyote vimefungwa katika hoja moja iliyoandikwa kwenye bango la mlangoni, kwamba mafuta ya viwandani na floridi ni sumu mbili ambazo kila familia huzimeza bila kujua. Bidhaa moja kati ya hizo ninaisifu kwa moyo mweupe. Hoja ya bangoni, hata hivyo, imekatwa kwa kipimo kimoja kwa nchi nzima, na hapo ndipo mteja anapoweza kupoteza fedha zake au, vibaya zaidi, kujiona salama mahali ambapo hayuko salama.

Nianze na mafuta ya ufuta, yaani simsim kama tunavyoizoea hapa. Hukamuliwa kwa mashine iliyo nyuma ya kaunta, mbele ya macho ya mnunuzi, na hutoka yakiwa na rangi ya kahawia iliyokolea na harufu inayojaza chumba. Kijiko kimoja juu ya malakwang, mboga ya majani ya kaskazini, au maharage yaliyokwisha kuiva kinatosha. Ufuta una viambato vya asili vinavyozuia mafuta yake kuchacha haraka, kwa hiyo chupa hukaa kabatini bila kubadilika ladha. Mafuta ya mti wa shea kutoka kaskazini, ambayo hapa huitwa yao na ambayo kwa aina ya Uganda huwa laini kuliko yale ya Afrika Magharibi, nayo ni mazuri, ingawa wasioyazoea wataona harufu yake ni nzito.

Alizeti ndiyo iliyonikera. Mafuta ya alizeti yasiyosafishwa huharibiwa na mwanga na joto, lakini duka limeyapanga dirishani katika chupa zinazopitisha mwanga, jua la mchana likiyapiga, na chupa niliyonunua ilikuwa imekwisha kuchacha. Isitoshe, muuzaji huyapendekeza kwa kukaangia chapati na mihogo. Mafuta ya namna hiyo huanza kutoa moshi mapema sana, ilhali yale yaliyosafishwa huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 200. Mtu anayekaanga kwa wingi hana sababu ya kiafya ya kulipa karibu mara mbili ili ajaze moshi jikoni.

Kuhusu mafuta ya viwandani, bango linachanganya mambo ambayo yangepaswa kutenganishwa. Ni kweli kwamba viwanda vingi vya mafuta ya mbegu hutumia heksani, kiyeyushi cha kemikali, kuvuta mafuta, kisha huyaondoa asidi, huyapitisha kwenye udongo wa kung'arisha na kuyatoa harufu kwa joto kali. Lakini heksani hiyo huvukizwa katika hatua hizohizo. Hatari iliyothibitika vizuri ni ya mafuta yaliyoongezewa haidrojeni kwa sehemu ili yagande, kwa kuwa huzalisha aina ya mafuta inayoziba mishipa ya moyo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilianza mwaka 2018 kuzihimiza nchi ziyaondoe, au ziweke kikomo cha gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta. Vilevile, mawese yanaposafishwa kwa joto la kupita nyuzi 200 huweza kuzalisha vichafuzi ambavyo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilivitolea tahadhari mwaka 2016. Kwa upande mwingine, madai kwamba mafuta ya mbegu kwa jumla huuletea mwili uvimbe hayajapata ushahidi wa kuyabeba, na kuyatumia badala ya siagi au samli hupunguza kolesteroli mbaya.

Kuna mambo mawili ambayo bango halisemi kabisa. Mafuta ya viwandani nchini Uganda hutakiwa kisheria kuongezewa vitamini A, na haya ya kukamua hayaongezewi. La pili ni zito zaidi: karanga zilizohifadhiwa vibaya hubeba sumukuvu, na usafishaji wa kiwandani, ambao duka linaulaani, huiondoa kwa kiasi kikubwa. Nilipouliza kama karanga zao hupimwa kabla ya kukamuliwa, sikupata jibu, nami sikununua.

Floridi ni habari ya pale mtu anapoishi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani katika maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Viktoria, ambalo lina floridi kidogo, wala hakuna anayeiongeza kwenye kiwanda cha maji cha Ggaba. Vipeperushi vya dukani vinahubiri mjadala wa Marekani, ambako miji imekuwa ikiongeza floridi majini tangu mji wa Grand Rapids ulipoanza mwaka 1945, na ambako ripoti ya serikali ya mwaka 2024 ilihusisha kiwango kilichozidi miligramu 1.5 na kupungua kwa akili za watoto. Mjadala huo una maana yake, lakini si wa bomba la Ntinda. Ungefaa zaidi Kisoro, chini ya milima ya volkano, ambako utafiti wa meno ya watoto miaka ya 1990 ulihusu eneo lenye maji ya miligramu 2.5 kwa lita. Huko meno hubadilika rangi kuwa kahawia, na kuchemsha maji hakusaidii, kwani maji hupungua na floridi hubaki.

Dada yangu anaishi upande huo, hivyo nilikuwa tayari kumnunulia kichujio. "Nnyabo, hiki kinaondoa kila kitu," muuzaji alinihakikishia. Nilipofungua kifuniko nilikuta mkaa wa kawaida, ambao huondoa harufu na klorini lakini huiachia floridi ipite. Kinachoinasa ni mkaa wa mifupa, ambao majirani zetu wa Nakuru na Arusha wameutumia kwa miaka mingi, au vichujio vya utando mwembamba vinavyosukuma maji kwa shinikizo. Kuuza hiki kwa jina la kuondoa floridi ni kumdanganya mnunuzi.

Dawa ya meno isiyo na floridi pia singemshauri mzazi wa Kampala ainunue, kwa sababu floridi ya dawa ya meno ndiyo inayokinga meno yasitoboke. Anayehofia mtoto kuimeza apunguze kiasi: cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na cha njegere moja kwa wa miaka 3 hadi 6.

Anayekwenda kwa ajili ya ufuta aombe yaliyokamuliwa siku hiyohiyo, na abebe chupa yake yenye rangi ya giza. Ukirudi na chupa yao utapunguziwa bei, mradi iwe imekauka.